Mkalimani Asiyejua Kihindi

Wiki hizi mbili filamu za Kihindi zimeniteka kabisa. Kuna moja nimeshaiangalia mara tatu kwa ajili ya wimbo mmoja tu, mwanamume anaimba huku anasukuma baiskeli yenye pancha. Maneno yake siyajui hata moja. Zamani ningekutafsiria wimbo wote bila kukohoa, na ungelia.

Ndiyo kazi niliyokuwa nafanya, miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye deki akafungua kibanda cha video. Chetu kilikuwa Kilakala, mabati na mabenchi, na mablanketi madirishani kuzuia jua. Mimi nilikaa pembeni na kipaza sauti, nawaeleza watu filamu kwa Kiswahili. Kihindi changu? Hata salamu sikujua. Nilitazama midomo na machozi, nikatunga. Jamani, nilikuwa hodari! Watu walitoka mpaka Mzumbe kuja kunisikiliza.

Sasa, nilikuwa nimemposa binti mmoja wa Kiluguru. Mjomba wake, ambaye kwao ndiye mwenye neno, alikwisha kukubali. Aliyegoma ni mama yake. Akatuma ujumbe kwamba atashuka mwenyewe kutoka mlimani, aje aone hiyo kazi ya video ni kazi gani. Binti akaniambia wazi: "Mama akikataa, basi. Mimi sitoroshwi."

Alikuja Jumamosi saa nane mchana, mama mfupi mwenye kapu la tangawizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama, akakaa benchi la mbele.

Nilikuwa nimechagua makusudi filamu yenye mama mkali na kijana fukara anayempenda binti yake. Leo, nikasema moyoni, nitajiombea posa mwenyewe. Kila kijana yule alipofungua mdomo, mimi nilimwaga asali. Watu wakapiga makofi. Mama mwenye kapu hata kujikuna hajikuni. Jasho lilinitoka mpaka kipaza sauti kikawa kinateleza mkononi.

Ikafika pale mama wa kwenye filamu anaposimama mlangoni, analia, anamnyooshea kijana kidole. Nikasema kwa sauti ya kutetemeka: "Nimekubali, mwanangu! Mchukue binti yangu, Mungu awabariki!" Kibanda kizima kikapiga miluzi.

Mama wa benchi la mbele akasimama. "Hakusema hivyo."

"Kaa chini, mama, unatuziba!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Nimelea watoto wa Kihindi hapo mjini miaka tisa," akasema, wala hakukaa. "Sinema zao nimeziangalia nao kila Jumapili. Huyu mama amesema, mwanangu simpi mwongo." Ndipo akageuka kunitazama. "Kijana, unajua Kihindi?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Watu wote walikuwa upande wangu. Utani mmoja tu, wangemcheka mpaka atoke, na utani wenyewe nilikuwa nao mdomoni. Nilimwogopa mama yule, tena dakika ile nilimchukia. Mwenye kibanda, kando ya deki, ananipungia mkono niendelee, niendelee.

"Sijui, mama," nikasema. "Hata neno moja."

Spika zikalipeleka jibu langu mpaka barabarani. Weee! Yalinishukia matusi ambayo sijayasikia tena mpaka leo, na ganda la muwa likanipiga sikioni. Mwenye kibanda akaninyang'anya kipaza sauti, akaniambia nisikanyage pale tena. Nikatoka nje sina kazi, na mchumba nikamhesabu ameshakwenda.

Mama alinikuta nimeegemea ukuta. Akaniashiria nimtwishe kapu lake, nikamtwisha.

"Hilo neno ndilo nililolishukia huku," akasema. "Waambie wazee wako waje."

Akapiga hatua mbili tatu, akasimama.

"Na jembe je, unalijua?"

Nilikwisha kufungua mdomo niseme ndiyo.

"Sijui, mama," nikasema.