Nilivyomfuata Mwimbaji Wangu wa Besi Hadi Kisimani Tarbaj

Wakuu, salaam aleikum. Poleni na joto.

Hii imenitokea mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, na bado nina furaha mpaka nashindwa kutulia kitini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Garissa, mzaliwa wa Murang'a. Tuna kwaya ya walimu, wauguzi na makarani. Tunaimba classical, sauti nne. Msicheke, huku tuna mashabiki.

Ila muziki huku una misimu yake.

Mvua ikinyesha, bati la ukumbi hupiga kelele hadi sijisikii mwenyewe. Ikikatika jioni, hewa imeoshwa, soprano zinapaa mpaka wenye maduka wanatoka kusikiliza. Raha tupu! Kiangazi vumbi linakaba koo, lakini bati liko kimya.

Kwa hiyo konsati nikaipanga katikati ya kiangazi. Nikajiona mjanja.

Shida ilikuwa besi. Nilimpata Warsame soko la mifugo, muuza ngamia, akimwita mwenzake upande wa pili. Sauti nzito mpaka nikasahau kilichonipeleka sokoni. Alinipa sharti moja tu, nyimbo za kanisa hapana. Nikakubali.

Noti hasomi, anashika kwa sikio. Lakini kipande cha mwisho alikuwa anakikimbiza kila mazoezi. Nilimfokea mpaka nikachoka.

Wiki tatu kabla ya konsati, Warsame hayupo. Simu haipatikani. Kaka yake akaniambia ameenda Tarbaj kwa ngamia wa familia.

Wakuu, bila besi hakuna konsati, na mabango yako mji mzima. Nikapanda basi hadi Wajir, nikadandia pickup, maneno makali nimeyapanga kichwani.

Nikafika kisimani. Ngamia kibao wanasubiri zamu. Ndani ya kisima wanaume wanne wamesimama kwenye vidato vya ukutani, mmoja juu ya mwenzake, wanapokezana ndoo huku wanaimba. Wenyeji huvuta maji kwa wimbo, ili mikono iende pamoja.

Nikasikiliza vizuri. Walikuwa wanaimba besi yetu!

Warsame alikuwa amewafundisha wote. Na kile kipande cha mwisho hakikimbii tena, kwa sababu ukikimbia unamwagia mwenzako ndoo kichwani. Miezi yote ile nimehangaika na fimbo ya kuongozea, kumbe dawa ni ndoo. Ngamia nao wanakunywa tu.

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Alipopanda juu nikamuuliza mbona hakuniaga. Akafuta jasho taratibu, akanijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu, kila mtu najua kiangazi mimi niko kisima. Wewe ulibanga tarehe bila kuuliza ngamia."

Miaka sita niko huku, na sikuwahi kujiuliza watu hawa wanaenda wapi jua likikaza.

Nikavua viatu, nikashuka, nikapewa nafasi ya chini kabisa. Nikawaimbia tenor mpaka ngamia wa mwisho akashiba. Nimerudi na malengelenge viganjani.

Funzo: ukiwa mgeni, usipange jambo la watu kabla ya kujua maisha yao. Mabango nimeyabandua, tumesogeza konsati hadi msimu wa mvua, mifugo ikiwa na maji kila mahali na wachungaji wako huru; bati likipiga kelele tutasubiri ikatike.

Na nilienda kutafuta besi mmoja, wakuu. Wanakuja wanne.

Wenye kwaya huko kwenu, besi wenu mliwaokota wapi? Semeni, nasoma zote.