Mama Alivyokaa na Mungu

Harufu ya karanga zinazokaangwa hunisimamisha popote. Juzi tu, nikipita Nakivubo, hapa Kampala, na haraka zangu, ilinikuta kwenye kona nikasimama kama mjinga. Watu wakanipiga vikumbo na kunifokea kwa Kiganda, nami nilikuwa nimesharudi chumbani kwetu Kamwokya, mtoto wa darasa la nne, nimemkasirikia mama yangu.

Mama alikaanga karanga kila alfajiri akaziuze mjini. Tulikuwa tumekimbia Kongo sisi wawili. Baba alibaki nyuma kumtafuta bibi, akasema atatufuata. Hakutufuata, wala habari zake hazikufika.

Basi kanisa letu zima lilimwombea baba. Mnaotujua Wakongomani mnajua tunavyoomba: wote kwa pamoja, kwa sauti, mikono juu, mpaka mabati yanatetemeka na jirani anagonga ukuta. Mimi nilikuwa bingwa. Nilipaza sauti mpaka ikakauka, na akina mama wakasema, "Huyu mtoto ana moto!" Nikavimba kichwa. Lakini mama yangu mwenyewe alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, kinywa kimefungwa. Loo, aibu niliyoiona! Na hofu pia: kama mke mwenyewe haombi, baba atarudi kwa maombi ya nani?

Asubuhi moja nikamfuata penye sigiri, nikamtolea yote. "Mama, juu ya nini hauombi? Umemsahau baba?"

Hakunigombeza. Alinisogezea kigoda kwa mguu huku mwiko ukizunguka sufuriani, maana karanga ukizipa kisogo tu zinaungua. "Kaa hapa, mama," aliniambia. Kwetu binti naye huitwa mama. "Usiseme kitu. Kaa na Mungu tu."

Nikakaa. Mwanzoni nilisikia njaa na mbu, basi. Kisha mama akataja jina la baba, mara moja, taratibu, jinsi unavyomtajia mtu mliyeketi naye. Akanyamaza. Nikahisi kuna mtu wa tatu chumbani. Haki ya Mungu, niligeuka kutazama nani ameingia, na mlango ulikuwa umefungwa! Niliogopa, lakini kwa namna ambayo sikutaka iishe. Tangu siku hiyo nikawa naamka bila kuitwa.

Halafu mtu wa kwetu akafika na habari: baba amekufa, na yeye alikuwepo walipomzika. Kanisa lilikuja kulia nasi. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira ya kuvunja vyombo; sauti yangu yote ile, na haya ndiyo majibu? Matanga yalipokwisha, alfajiri nikasikia mwiko ukikwangua sufuria. Nikatoka kitandani. Mama alikuwa palepale, mikono ikifanya kazi, machozi yakimtiririka, kinywa kimefungwa.

"Bado unakaa naye?" nikamuuliza. "Umebaki na nini cha kumwomba?"

"Sina kitu," alisema. "Lakini na yeye analia, Furaha. Nimwache peke yake?"

Mtu kumfariji Mungu! Muuza karanga wa Kamwokya! Nilidhani amekufuru, nikasubiri tuadhibiwe. Hakuna kilichotokea, isipokuwa kimya kile kilijaa tena chumbani, kizito na chenye huruma, na hasira yangu ikakosa pa kusimama. Nikakaa chini karibu naye, nikalia kwa mara ya kwanza.

Nimekuwa mtu mzima, nimezika na wa kwangu, ndipo nikaelewa. Miaka ile yote mama alipokuwa akimtajia Mungu jina la mume wake, walikuwa wamezoeana hao wawili. Mimi nilimjua Mungu wa kunipa na kuninyima. Mama alikuwa amemsogelea mpaka akayaona machozi yake.