Mzigo Mmoja Mdogo

Picha ilinikuta kiwandani Tonawanda, huku Marekani, wakati wa mapumziko, kijiko cha wali kikiwa mdomoni. Ilikuwa picha ya uso wa binti wa kaka yangu, aliyekuwa akiishi Sweden na mumewe. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na mdomo umevimba upande mmoja. Hakuandika neno hata moja. Niliutema ule wali kwenye kifuniko cha bakuli, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, na anayeniumiza yuko ng'ambo ya bahari.

Mimi ndiye shangazi. Kwetu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, shangazi ndiye anayempeleka bibi harusi kwa mumewe, na mambo yakiharibika, shangazi huyohuyo ndiye anayekwenda kumtoa. Mimi ndiye niliyemkabidhi binti yetu chombo cha maziwa siku ya harusi yake. Ni chombo cha mti mzito, cheusi kwa moshi, alichoachiwa na marehemu mama yake, na kilivuka nasi mpaka wa nchi hadi kambi ya wakimbizi. Mke akitoka kwa mumewe mikono mitupu, bado ni mke. Amekasirika tu, na mume atakuja na wazee kumbembeleza. Akitoka na chombo chake, ndoa imekufa, na hahitajiki hakimu.

Wazazi wa mume walikuwa Louisville, kwa hiyo shauri likafanyika kwao. Mimi nilitoka Buffalo, nikampitia kaka yangu Columbus, tukaendelea naye. Kwa kuwa sote tumeokoka, mezani kulikuwa na soda badala ya pombe, na sala iliyokaribia kuwa ibada. Baba mkwe akasema Sweden kuna baridi kali, kijana amepoteza kazi, na baridi na kukosa kazi humbadilisha mtu. Nikamuuliza kama hiyo baridi ina ngumi.

Kaka yangu alinizaba kofi palepale. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilizabwa kofi mbele ya wakwe. Nilionja damu ulimini. Hakuna aliyeshusha glasi yake. Nilitamani kumvunjia mtu chupa ya soda kichwani, na kusema kweli sikujali ingemwangukia nani.

Baadaye kaka akatoa uamuzi, akiwatazama wao, si mimi. Binti angekwenda kupumzika kwa dada yake Ubelgiji, na mimi ningemfuata kumchukua.

“Lakini asibebe kitu,” akasema. “Donc, kwa hiyo mulango ibakie wazi.”

Tiketi nilizitafuta mwenyewe kwenye simu. Kuna yale mashirika ya Ulaya yanayouza safari kwa bei ya kutia mashaka, kisha yanakutoza kila kitu isipokuwa pumzi. Tiketi yao iliruhusu mzigo mmoja mdogo, wa kuingia chini ya kiti. Nilipomweleza kaka alifurahi sana. Akasema ndege hiyo inajua desturi kuliko mimi.

Nilinunua ndagala, dagaa wa kwetu, na unga wa muhogo kwenye maduka ya Grant Street, nikavuka bahari hadi Ubelgiji, na kutoka hapo nikapanda ile ndege ya bei rahisi kwenda Sweden. Wanakuuzia jina la mji, kumbe uwanja wenyewe uko mashambani, ng'ombe wanakutazama. Tulisimamishwa foleni nje kwenye upepo. Mlangoni palikuwa na fremu ya chuma ya kupimia mizigo, na watu walikuwa wakipigana na mabegi yao. Bwana mmoja alipiga magoti akalikandamiza la kwake kwa kiwiko, kisha akalikanyaga kwa kiatu mpaka zipu ikapasuka. Mama mwingine alivaa makoti matatu, jasho likimtiririka. Ndani ya ndege kiti hakilali, maji yanauzwa, na magoti ya aliye nyuma yako yanakuchimba mgongo. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa bado naweza kucheka.

Mume alikuja kunipokea uwanjani. Alichukua mfuko wangu kwa mikono miwili, akaniita mama, akauliza habari za kila mtu. Nyumbani kulikuwa na nyama. Binti yetu alitupakulia akiwa na mikono mirefu ya sweta, na kila mumewe alipoinuka, yeye alirudi nyuma hatua moja bila kujua. Niliila ile nyama.

Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyetupeleka uwanjani, kwa sababu desturi inataka mume amsindikize mke anayekwenda kwa ndugu zake. Alijua adabu zote, yule. Sisi wenye hati za kigeni tulitakiwa kwanza kupita kaunta tugongewe mhuri. Dada wa kaunta akaonyesha fremu. Binti yetu akaliweka begi lake dogo, likagoma. Akalisukuma, likagoma. Ndani kulikuwa na kitu kigumu kisichokunjika.

Mimi sikujua. Mume naye hakujua, ndiyo maana alijipendekeza kusaidia, akafungua zipu kwa mkono wake. Akatoa sweta. Akatoa Biblia. Kisha akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitenge, kitenge kikafunguka, na chombo cha maziwa kikawa mikononi mwake.

Watu wa foleni waliona kopo la mti. Sisi watatu tuliona talaka.

“Unabeba hii kuenda nayo wapi?” akamuuliza polepole.

“Kwetu,” akajibu. “Sirudi.”

Ngumi ilimpata mdomoni. Alianguka juu ya mizani ya mizigo, damu ikaruka mpaka kwenye karatasi za yule dada wa kaunta. Mume alimwinua kwa nywele zake za kusuka, akampiga tena, na tena, kwa utulivu wa mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Chombo kilikuwa kimebiringika hadi miguuni pangu. Nikakiokota. Kwetu chombo cha maziwa hakitumiki kumpiga hata mbwa. Nilikishika kwa mikono miwili nikampiga nacho juu ya sikio, kwa nguvu zote za miaka ya kubeba makasha Tonawanda. Akageuka. Nikampiga usoni, nikasikia pua yake ikivunjika na mti ukipasuka kwa pamoja. Nilisikia raha. Naiandika hivyohivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Polisi wa uwanja walikuja wakamlaza mume kifudifudi, mimi wakanibana ukutani. Watu wa foleni wakawa wanapiga kelele kwa lugha yao wakimnyooshea yeye kidole. Ndege ilikuwa karibu kufunga milango, na tiketi za namna ile hazimngoji mtu, awe na damu au asiwe nayo.

“Enda,” nikamwambia binti yetu. “Mi nitabakia na hawa.”

Akalichukua begi. Yule dada wa kaunta bado akaonyesha fremu. Safari hii begi liliingia bila shida. Akaondoka akiwa ameziba mdomo kwa kitenge.

Waliponiachia nilirudi pale kwenye mizani. Chini yake niliona jino. Nikaliokota, nikalitia ndani ya chombo, nikasafiri nacho mpaka nyumbani North Buffalo.

Haukupita muda wakwe wakaja kwangu kutoka Louisville, na kaka akaja kutoka Columbus. Baba mkwe alikuwa amesimuliwa kila kitu, na hoja yake ilikuwa tayari. Binti alipanda ndege mikono mitupu. Begi lake lilipimwa mbele ya watu, chombo hakikuwemo. Kwa hiyo bado ni mke wao, kijana amemsamehe, na wao wamekuja kukichukua chombo kirudishwe nyumbani kwake. Aliyasema hayo kwa upole kiasi kwamba nilijikuta nakitafuta kwa macho kisu cha vitunguu.

Kaka akaniambia nikilete. Alikipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea maziwa. Akapitisha kidole gumba kwenye ufa. Alipokigeuza, kitu kikabiringika ndani. Akakiinamisha, jino likamwangukia kiganjani.

Nikamwambia ni la binti yake, na nililiokota wapi. Jino la kwanza la mtoto huyu yeye ndiye aliyeling'oa, kwa uzi, kambini, akalirusha juu ya turubai tuliloezekea, na sote tukapiga makofi. Alilitazama hili mpaka baba mkwe akakohoa. Kisha akafumba kiganja na kukipakata chombo magotini.

“Bon, haya,” akasema. “Muzigo imefika kwetu.”

Halafu akaniambia niondoe soda mezani. Wakwe walikuwa bado hawajamaliza kunywa.