Mapipa ya Njiapanda

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Shangazi Astamaya alikuwa akiosha mifuko ya maziwa. Anaikata kwa mkasi, anaisuuza kwa maji yaliyobaki ya vyombo, kisha anaianika kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, katikati ya suruali za kaka yake. Upepo ukivuma mifuko inapiga makofi. Wanaopita uani kwetu walimtania, "Shangazi, nyumba hii ina ng'ombe wangapi?"

"Mmoja tu," anajibu, "na mwenye kukamuliwa ni mimi."

Dirisha letu linatazamana na mlango wake, na mimi hufuma masweta hapo dirishani kutwa, kwa hiyo mengi nimeyaona bila kuuliza. Aliolewa mji wa Thimi, mumewe akafa, mtoto hawakupata, akarudi hapa Patan, Nepali, kwa kaka yake Tejkaji. Wakampa chumba cha chini, kile kilichokuwa cha mbuzi na majembe. Dirisha hakina. Lakini kilikuwa chake.

Ila Shangazi hawezi kuona chupa inatupwa. Alianza na za nyumbani, ua mzima ukazoea. Kopo, gazeti, dumu la mafuta, kiatu cha mguu mmoja: "Mpelekeeni Shangazi." Anazitenga kwenye magunia, anamngoja yule mtu wa baiskeli anayenunua makorokoro, naye huja akijisikia. Magunia yakapanda mpaka darini. Ukichungulia ndani unaona kitanda kimezingirwa pande zote, kama kimefungwa jela.

Wifi yake Hiradevi alikuwa akimwita kutoka ngazini, "Wifi, umeolewa na makopo?"

"Afadhali, makopo hayakoromi."

Tejkaji alikuwa ndani, akakohoa.

Siku moja Tejkaji akashuka mwenyewe. "Dada, sikukuu ya Dashaini ikifika nataka kukiona chumba hiki kitupu, safi. Kikiwa bado hivi, nampangisha yule muuza momo, zile sambusa za mvuke. Ameshaniuliza mara mbili."

Siku hiyo Shangazi hakutania. Bila chumba kile hakuwa na pa kuweka kichwa.

Akaanza kwenda ofisi ya wadi. Alienda mpaka mlinzi akawa anamwekea kiti. Alichotaka ni kila nyumba ipewe mapipa mawili ya mlangoni, la kijani la maganda na makombo, la bluu la vitu vikavu. Kila mtu akitenga za kwake na gari likizichukua, magunia yake nayo yatapata njia ya kutoka. Mwishowe wakakubali, nadhani kwa kumchoka.

Mapipa yalikuja siku anayoosha nywele. Simu ikalia, dereva anauliza, "Mama, nishushe wapi? Vichochoro vyenu hivi gari haliingii."

Shangazi, povu machoni, akasema, "Shusha pale kwenye jiwe, njiapanda." Ndivyo sisi wote tunavyoelekeza wageni. Daktari ukimwita unamwambia kwenye jiwe, na mtu wa gesi naye unamwambia kwenye jiwe.

Alipomaliza kujifunga taulo kichwani akatoka mbio, akakuta watu wamejaa madirishani na hakuna aliyeshuka. Mapipa yalikuwa yamepangwa vizuri kabisa kulizunguka jiwe, mengine yamewekwa juu yake.

Jiwe lile ndiyo chwasa yetu. Nguo aliyofia mtu inapelekwa pale, kitovu cha mtoto pale, makombo ya karamu pale. Linameza yote. Kitu kikishawekwa pale, hakuna anayekirudisha nyumbani kwake.

"Loo, Shangazi," akasema mama yangu kwa sauti ndogo. "Umeyatoa sadaka."

Hiradevi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi, umetuletea mapipa ya marehemu!"

Yakakaa pale. Mvua ikanyesha juu yake, mbwa akahamia kwenye moja lililolala ubavu. Ofisi ya wadi wakapiga simu: kama mtaa wenu hauyataki, Jumamosi tunayapeleka kwingine. Kesho yake nikaona mifuko ya maziwa haijaanikwa. Shangazi amekaa kizingitini, mkasi mkononi, anatazama suruali za kaka yake.

Kisha akainuka ghafla kama aliyekumbuka sufuria jikoni.

Nilikuwa bombani nachota maji, karibu na nyumba ya Bibi Dhanu Kapali. Marehemu mumewe alikuwa mpiga zumari, na tangu enzi za babu zao kinachowekwa kwenye jiwe ni haki ya nyumba yao. Wao peke yao ndio wanaoweza kukichukua. Watu wanawasalimia vizuri, ila kwao hawanywi kitu, maana wanahesabiwa tabaka la chini.

"Bibi," Shangazi akauliza mlangoni, "kinachowekwa pale ni cha nani?"

"Changu," akasema Bibi Dhanu, anabangua maharage. "Japo siku hizi mnaninyima. Nguo za wafu mnachoma. Mwaka jana jiwe lilinipa soksi, tena moja."

"Leo limekupa mapipa."

Bibi akatoa kichwa nje. Akatazama sana. "Yote?"

"Yote."

"Na vifuniko vyake?"

"Na vifuniko."

Bibi akapangusa mikono. "Haya. Nikiyachukua si ya jiwe tena, ni mali yangu, na mali yangu nampa nimtakaye. Lakini anayetaka aje mlangoni aombe kwa mdomo wake, aingie, akae, anywe kikombe. Sigawi vitu barabarani kama mgombea wa uchaguzi."

Nilisahau bomba, ndoo ikafurika. Shangazi alivua kandambili, akaingia.

Alitoka na mapipa mawili, mashavu mekundu. Akapaza sauti ua mzima usikie, "Pombe yake ya mchele ni kali kuliko ya wifi!"

Hiradevi hakucheka safari hii. "Umekunywa kule? Basi jikoni kwangu usikanyage."

"Sawa, wifi. Kule pia kuna maharage."

Ikawa anakula kwa Bibi Dhanu na kurudi kulala katikati ya magunia. Vijana ndio walifuata, kwa ajili ya kile kikombe, wengine walitaka kuomba mapipa mara ya pili. Mama yangu alienda kajifunika shali kama anaenda msibani, akarudi anacheka peke yake. Mpaka Ijumaa milango karibu yote ilikuwa na kijani na bluu. Mzee wa ghorofa ya juu alisumbuka na maua yake ya sala, yaende wapi, asije akamkosea mungu. Bibi Dhanu akamwambia, "Maua kijani, mfuko wake bluu. Mungu hali mfuko."

Aliyebaki ni Hiradevi. Mchukua taka akapiga filimbi, watu wakashuka na mapipa yao, naye akashuka na ndoo yake ya zamani, maganda na plastiki humohumo. Mchukua taka akachungulia, akairudisha chini, akaendelea kupiga filimbi. Ndoo ile ikakaa mlangoni, na jua lilikuwa kali. Siku ya tatu nikamwona Hiradevi anapita ukutaukuta kwenda kwa Bibi Dhanu. Alikaa huko kuliko wote.

Baada ya hapo gari lilikuwa likibeba na magunia ya Shangazi, machache machache, na mtu wa baiskeli akamaliza yaliyobaki. Kabla ya Dashaini Shangazi alisiriba sakafu kwa udongo mwekundu. Tejkaji akashuka, akasimama katikati ya chumba, sauti yake ikawa kubwa kwa sababu ya utupu.

"Kimekuwa safi kweli, dada. Kaa tu."

"Na jikoni uje," Hiradevi akasema, anatazama pembeni. "Mimi mwenyewe nimekunywa kule, nitamkataza nani?"

Shangazi alikuwa anakunja godoro.

"Wifi, unaenda wapi?"

"Kwa Bibi Dhanu. Chumba chake cha chini kina dirisha."

"Si ulikuwa unakipigania hiki?"

"Nilipigania nisifukuzwe. Sasa hakuna anayenifukuza, naweza kwenda zangu. Mpeni muuza momo. Mimi momo napenda."

Akaenda kwenye kamba, akachomoa mifuko ya maziwa mmoja mmoja, vibanio akavitia mfukoni. Suruali za kaka yake aliziacha, zikaanguka, akaziokota na kuzitundika bila kibanio. Akajitwika godoro, akapita chini ya dirisha langu, akakata kona penye jiwe.

Hajarudi kulala kwetu mpaka leo. Upepo ukivuma, suruali za Tejkaji tunaziokota sisi.