Dakika Mbili Kizimbani

Ismo Kettunen alikuwa na mdomo. Hilo hakuna mzazi wa timu ya wasichana ya hoki ya barafu ya mji wa Pieksämäki aliyeweza kulikana, hata wale waliompenda, na waliompenda walikuwa wengi. Kazini, kwenye yadi ya reli, alikuwa mpole wa kuunganisha mabehewa na kunywa kahawa yake kimya. Lakini akiingia ukumbi wa barafu na kumwona bintiye Senja amevaa helmeti, basi tena. Alimfundisha refa kazi, alimfundisha kocha kazi, na zaidi ya wote alimfundisha Senja, kutoka jukwaani, kwa sauti ambayo hata honi ya treni ingeionea wivu.

Wenzake walimvumilia kwa sababu mikono yake ilifanya kazi kuliko mdomo. Alibeba mabegi ya watoto wa watu, alichoma soseji kwenye kibanda cha timu, alinoa viatu vya barafu vya wasichana kumi na wanane. Alimfunga Senja kamba za viatu tangu mtoto ana miaka mitano, saa kumi na mbili asubuhi, akimpulizia vidole pumzi ya moto kwanza ndipo amvishe glavu. Mapenzi hayakuwa haba. Yalizidi kipimo, na chumvi ikizidi chakula hakiliki.

Na ubaya wenyewe haukuwa jukwaani. Jukwaani mtoto anavaa helmeti, hasikii vizuri. Ubaya ulikuwa garini, wakati wa kurudi nyumbani, maana garini hakuna pa kukimbilia. Kila mechi ilichezwa tena humo, Ismo akiwa mchezaji, kocha na refa, na Senja akiwa mkosaji.

Januari ile Senja ana miaka kumi na minne, walicheza Kuopio wakafungwa goli moja, na goli lilipita upande wake. Kutoka Kuopio ni kilomita tisini. Kwa kilomita hamsini za mwanzo Ismo hakumeza hata mate. Nje giza limeshaingia ingawa ilikuwa saa kumi jioni, na kipimajoto cha gari kilionyesha kumi na nane chini ya sifuri.

"Baba, naomba unyamaze," Senja akasema.

"Sinyamazi mpaka uniambie ulikuwa unaangalia wapi."

"Basi nishushe."

Na Ismo akamshusha. Alisimamisha gari kwenye kituo cha basi porini, akamtolea begi lake na magongo yake, akaondoka. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile Ismo alijikwaa ulimi, kisha akakanyaga mafuta.

Aliporudi, nusu saa imepita, alimkuta mtoto amesimama palepale pembeni ya begi, kope zimefanya barafu. Senja aliingia kiti cha nyuma. Mama yake, Outi, ambaye alikuwa ameshaachana na Ismo miaka mitatu kabla, aliuliza ilikuwaje mtoto akaachwa barabarani muda wote ule. Ismo akamjibu kwamba alikusudia kugeuza mara moja tu, ila magari ya kusomba theluji yalijaza njia, hapakuwa na pa kugeuzia. Jibu hilohilo aliwapa wengine wote.

Mpaka hapo Senja alikuwa akikaa wiki kwa baba, wiki kwa mama. Jumatatu iliyofuata alihamisha nguo zake zote kwa mama. Hakupokea simu ya Ismo, hakujibu ujumbe, na zawadi ya siku ya kuzaliwa ilipokelewa mlangoni na Outi, ambaye alisema asante kwa aibu kana kwamba kosa ni lake. Senja alimwambia pia meneja wa timu kwamba siku atakayomsikia baba yake jukwaani, yeye anaacha hoki.

Meneja huyo ni Päivi, mama wa golikipa, mwanamke wa maneno machache na chupa kubwa ya kahawa. Msimu mpya ulipokaribia alimfuata Ismo kule kwenye mashine ya kunolea viatu.

"Baba Senja, jukwaani sikutaki," akamwambia. "Lakini sina mtu wa mlango wa kizimba. Kule sheria hairuhusu kushangilia wala kubishana. Wewe utamwona mtoto wako, na sisi tutapumzisha masikio."

Kizimba ni kile kibanda cha kioo kandokando ya barafu anakokaa mchezaji aliyefanya kosa. Kazi zote za mechi zinafanywa na wazazi kwa zamu, na hii ya mlango wa kizimba huwa wanaikimbia. Ni baridi, kunanuka jasho, na wageni wako wote wanaingia wamenuna. Ismo aliichukua, siyo kwa zamu, bali kwa msimu mzima.

Mwanzoni alitaka kumwona tu. Kisha, mechi ya pili au ya tatu, akili ikamfanyia hesabu. Mchezaji yeyote akikosea, hata angekuwa nani, lazima aje akae kwenye benchi hili, mkono mmoja kutoka alipo mfungua mlango, na hana pa kwenda kwa dakika mbili. Senja akikosea mara moja tu, atakuja. Si lazima aseme kitu. Ismo ndiye angesema, na alikuwa ameshapanga maneno yake, ameyapunguza na kuyapunguza mpaka yakatosha kwenye dakika moja, ili ya pili abaki nayo mtoto.

Lakini Senja hakuwa mtu wa makosa. Alikuwa beki mwenye miguu myepesi na adabu ya kanisani, ananyang'anya kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kutoka kwenye gongo la mtu bila kumgusa. Septemba ikapita, Krismasi ikapita, hajatolewa hata mara moja. Wazazi wengine waliomba watoto wao wacheze kwa adabu. Ismo, Mungu amsamehe, alisimama pale msimu mzima akiomba wa kwake aharibu.

Aliyeharibu kwa niaba ya timu nzima alikuwa Ronja Pulkkinen, mshambuliaji mwenye mabega ya seremala. Huyo kizimba alikifanya chumba chake. Alikuwa na upande wake wa benchi, na taulo lake aliliacha humo kabisa.

"Hodi, Mzee Ismo, nimerudi nyumbani," alikuwa akisema, akianguka kwenye benchi. "Yule dada alianza yeye. Refa haoni, mletee miwani."

Ismo anampa maji, anamtajia dakika zilizobaki. Na mara nyingi hazikutimia, kwa sababu sheria ya hoki ndivyo ilivyo: timu yako imepungukiwa na mtu, wapinzani wakikufunga goli, adhabu yako inaisha papo hapo, mlango unafunguliwa, unatoka. Ronja alikuwa akitoka huku akiwashukuru wapinzani kwa kumfupishia kifungo.

Ronja huyo ndiye aliyemletea habari, mwezi wa pili, akihema, macho yako kwenye mchezo. Alidhani Ismo anajua. Alisema timu itakuwa mbovu mwakani bila Senja, kwa kuwa Senja amepata nafasi shule ya michezo ya Tampere, atakaa bwenini huko, na Agosti ndiyo safari. Ismo alimfungulia mlango muda wake ulipotimia, akaufunga, akagundua ameufungia mkono wake mwenyewe. Hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia.

Zilibaki mechi nne, kati ya hizo moja tu ya nyumbani, na mlango wa kizimba hulindwa na wenyeji. Ronja, ambaye si mjinga, wiki iliyofuata mazoezini alimtazama Ismo kwa jicho la pembeni akamuuliza kama amwambie Senja amkwatue mtu, ili aletwe kizimbani. Ismo akamwambia asithubutu.

Mechi hiyo ya mwisho ya nyumbani ilichezwa Jumamosi mchana, wiki ya pili ya Machi, dhidi ya wasichana wa Varkaus. Ukumbi ulijaa mabibi na mablanketi. Outi alikaa safu ya juu. Zilipobaki dakika sita matokeo yalikuwa mbili kwa mbili, na ambaye angeshinda ndiye angecheza fainali za wilaya. Ismo alikuwa ameshakata tamaa, na moyo uliokata tamaa unatulia kidogo. Alimtazama tu mwanawe anavyoteleza, akajisemea kwamba kamba zile amezifunga vizuri kuliko alivyomfundisha.

Ndipo Senja alipofanya kosa. Msichana wa Varkaus alikuwa na kisahani kwenye kona, mgongo umegeuka, hana hatari yoyote, na Senja alikuwa ameshamfikia. Ilitosha kunyoosha gongo. Badala yake alimtia gongo kiunoni kwa nyuma, akamvuta kama mtu anayevuta mlango, refa akitazama. Filimbi ikalia. Jukwaa zima likashangaa, na kocha akashika kichwa. Ismo alikuwa amemtazama mtoto huyu akicheza kwa miaka kumi, na alijua kwamba kosa lile halikutokea tu. Lilifanywa.

Senja hakubishana. Alikuja moja kwa moja kizimbani. Ismo akafungua mlango, akaufunga, akatia komeo. Mtoto akakaa, gongo kati ya magoti, macho mbele. Saa ya ubaoni ikaanza kushuka kutoka mbili.

Na yale maneno yaliyopangwa tangu Septemba? Hata moja halikuja. Alichukua chupa ya maji akampa, na Senja akaipokea, akanywa, akairudisha. Sekunde thelathini zikaenda hivyo.

"Moja na nusu imebaki," Ismo akasema, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake.

Senja akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, bila kumtazama, "Siku ile ulikuwa wapi?"

Ismo alijua siku ipi. Jibu la magari ya theluji lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia, limewaridhisha wakubwa. Alitazama ile helmeti, na nywele zilizotoka nyuma yake, na akashindwa kulitoa.

"Kituo cha mafuta," akasema. "Pale mbele kwenye njia panda. Niliagiza kahawa na andazi la iliki, nikakaa mezani. Nilisema acha baridi imfunze."

"Ukalila?"

"Nikalila lote."

Ubaoni ilikuwa imebaki chini ya dakika moja. Ismo aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Ilikuwa aibu ya kweli, yenye joto, mpaka masikio yakamwaka kwenye ule ubaridi. Hakuomba msamaha. Aliona akiomba sasa atakuwa anamnyang'anya mtoto zamu yake ya kusema. Basi akangoja. Mtu wa mdomo, kwa mara ya kwanza, alingoja.

Senja akageuka. Akamtazama baba yake usoni, kupitia vile vyuma vya helmeti, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

"Nilijua si magari ya theluji," akasema. "Nilikuwa nataka tu..."

Honi ikalia. Varkaus walikuwa wamefunga. Ukumbi ukalipuka upande wa wageni, taa nyekundu nyuma ya goli ikawaka, na kule mezani mzazi wa saa, kama anavyotakiwa na sheria, akafuta muda wa adhabu ubaoni. Zilikuwa zimebaki sekunde thelathini na nne. Refa akanyoosha mkono kuelekea kizimbani: atoke.

Mkono wa Ismo ulikuwa kwenye komeo, na haukusogea. Angeweza kusema komeo limeganda, huwa linaganda. Wachezaji walikuwa wameshajipanga katikati ya barafu, wanamsubiri mtu mmoja. Refa akapiga filimbi. Senja alikuwa amesimama, gongo mkononi, mwili wote umegeukia barafu.

"Baba," akasema. "Mlango."

Ismo akafungua.

Walifungwa tatu kwa mbili. Wasichana walipeana mikono kwa mstari, wengine wakilia, na Senja aliwaomba wenzake radhi mmoja mmoja, kisha akatoka kwa mlango wa upande wa pili, ambako Outi alikuwa ameshawasha gari. Hakuangalia nyuma, na Ismo hakumfuata. Kumfuata mtu mpaka garini alishaona inakoishia.

Päivi alimkuta kizimbani watu wameshaondoka, anafuta benchi ambalo lilikuwa kavu. Alimmiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akakaa upande wa Ronja.

"Nimeona mmeongea," akasema. "Alitaka nini?"

"Sijui. Hakumaliza."

Kule barafuni gari la kulainisha lilikuwa linazunguka, linafuta alama zote za viatu. Ismo alishika kahawa kwa mikono miwili, hakunywa.

"Ila ameniita Baba," akasema.

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikamfungulia mlango akaenda."