Salamu Zitafuata

Kama uliishi Tanga miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, na ukawa na ndugu Uarabuni, basi barua yako imepita mikononi mwa Mwinyijuma, na usikatae. Meza yake ilikuwa kwenye baraza ya posta, na juu yake mashine ya taipu nzito kama ndama, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi. Redio zilizolia Ngamiani miaka ile, nusu yake zililetwa na vidole vya Mwinyijuma. Na khanga je? Wako wanawake waliotoka Idi wamependeza, wasijue kwamba mshono wa kwanza wa nguo ile ulipigwa kwa taipu.

Siri yake ilikuwa moja. Watu wa bara wakitaka kitu huomba. Mwinyijuma haombi, anasalimu. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu: za mama, za shangazi, za jirani wa kulia na wa kushoto, za mtoto aliyezaliwa baada ya mpokeaji kusafiri, na za mbuzi ikibidi. Halafu mpokeaji anaulizwa hali ya kifua chake, na joto la huko, na kama chakula kinamkaa. Ukurasa wa pili ndio unaanza, "Ama baada ya salamu," na hapo mpokeaji amekwishalainika kama muhogo wa nazi, redio inajifunga yenyewe kwenye boksi.

"Kisichokuwa na salamu ni simu ya maandishi," aliwaambia wateja wenye haraka. "Na simu ya maandishi huleta msiba. Una msiba weye? Huna. Basi kaa kitako, nitajie majina."

Lakini mwaka wa elfu mbili na moja sabuni zilikuwa zimejaa madukani za kila rangi, simu zimeingia hata kwa wauza samaki, na baraza ya posta imepoa. Mwinyijuma siku hizi alijaza fomu za watu, na akipata barua mbili kwa wiki anatembea kifua mbele mpaka Ijumaa.

Jumatatu moja akaja Bi Sabiha wa Pongwe, mjane, mteja wake wa miaka kumi na mitano. Akaweka bahasha mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto je? Na lile goti lako?"

"Barua imerudi."

Mwinyijuma akaigeuza bahasha, akaichungulia kwenye gundi kana kwamba kosa liko pale. Ilikuwa ni kazi yake mwenyewe, kurasa tatu, imekwenda Muscat na kurudi na muhuri kwamba mwenyewe kahama.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Khadija binti Sabiha anaolewa. Babake kafa, kaka hana, walii wake aliyebaki ni baba mdogo, Uweso, mtunza stoo wa kampuni moja huko Muscat. Shekhe wa Pongwe kasema, maadamu Uweso yu hai na anapatikana, haozeshi mtu mpaka aone neno lake, na neno liwe la maandishi. Ndoa imekwishaahirishwa mara moja kwa kuingoja barua hii. Bwana harusi ni dereva wa lori la machungwa, kutoka Muheza kupita Horohoro mpaka Mombasa, na msimu unaanza Jumamosi. Kwao wametuma mjumbe: Ijumaa hii, au waachwe watafute kwingine.

"Khadija hali," Sabiha akasema. "Jana nimempikia wali wa nazi na kamba, kautazama tu."

Akatoa kipande cha karatasi. Mtu aliyetoka Muscat alikuwa amemwandikia anwani mpya ya Uweso: jina, kisha herufi a iliyojikunja mkia, kisha maneno yameshikamana bila nafasi. Namba ya simu mtu huyo hakuwa nayo.

"Wanasema ni imeili. Waijua, mzee?"

Mwinyijuma hakuwahi kutuma imeili hata moja. Lakini kwenye meza ile neno "sijui" halikuwahi kutamkwa tangu siku ilipowekwa barazani.

"Imeili?" akasema, akiikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Ah. Hiyo si ndiyo ya kila siku."

Siku hiyo hiyo alasiri alikuwa Barabara ya Nane, kwenye duka la Gulamhussein la spea za baiskeli. Mbele, Gulamhussein mwenyewe kakaa na minyororo na pedeli zake. Nyuma, baada ya pazia la matairi yaliyoning'inizwa, binti yake Batool kaweka kompyuta nne, na watu wanalipia kwa nusu saa.

"Shikamoo, mzee Mwinyijuma. Umekuja kumtazama baba?"

"Babako nimemtazama miaka thelathini, habadiliki. Nimekuja kuona kama mashine zako ni nzima."

Batool alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwepesi wa kuelewa. Akamvutia kiti. "Basi nijaribie hii hapa," akasema, na hakucheka, Mungu amlipe.

Mausi ilimpa tabu. Aliishika kama pasi ya mkaa, kwa mkono mzima, na mshale ukapotea pembeni ya kioo asiuone tena. Lakini alipofika kwenye herufi, alikuwa nyumbani kwake. Vidole kumi, macho juu, hatazami chini hata mara moja. Vijana waliokuwa wanadonoa kwa kidole kimoja wakaacha kudonoa. Tatizo ni kwamba alipiga kwa nguvu za chuma, vibonye vikaruka kama bisi, na alipofika mwisho wa mstari akainua mkono wa kushoto na kuizaba kompyuta kofi la shavu ili irudi mwanzo.

"Batool," Gulamhussein akaita kutoka mbele. "Nani anapigana huko?"

"Hakuna, baba. Mzee anashuka mstari."

"Inashuka yenyewe?" Mwinyijuma akanong'ona.

"Yenyewe."

"Basi ungesema mapema, na mimi nisimpige mtoto wa watu."

Akaendelea. Salamu za Sabiha, za Khadija, za mashangazi wawili, za imamu, za waliohamia nyumba ya marehemu. Alikuwa amefika kwa mtu wa kumi na mmoja kioo kilipogeuka cheusi, kikabaki na saa tupu katikati.

"Imekwenda?" akauliza.

"Imepotea, mzee. Nusu saa yako imekwisha, na hukuituma."

"Na salamu zote?"

"Zimekwenda na nusu saa."

Mwinyijuma akaitazama mashine kwa muda. Yake ya posta ilikuwa na dosari nyingi, ila haikuwahi kumnyang'anya mtu karatasi mkononi.

Jumanne akarudi, Batool akamfungulia anwani yake na kumfundisha neno la siri, ambalo alilitangaza kwa sauti ili alikumbuke, ikabidi libadilishwe. Jumatano ndiyo akakaa kuandika kweli. Safari hii alijua kwamba saa inakimbia, na Batool alikuwa nyuma ya bega lake.

"Mzee, haja umeiandika?"

"Tulia, binti. Ndiyo kwanza niko kwa shangazi wa Muheza."

"Zimebaki dakika sita."

"Shangazi wa Muheza ana wajukuu."

"Zimebaki mbili, mzee. Tuma."

Akatuma. Herufi zikaondoka, kioo kikasema imefika, na mtu mzima akajisikia kama aliyerusha jiwe likavuka bahari. Batool akauliza kama ameweka habari ya ndoa. Mwinyijuma akamwangalia kwa huruma.

"Huo ni ukurasa wa kwanza. Haja huwa ukurasa wa pili. Wa pili nitauleta kesho, na roho yake imetulia."

Batool akahesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka Ijumaa.

Alhamisi saa nne na nusu asubuhi alikuta jibu. Sabiha naye alikuwa amefika dukani, amekaa kwenye kibweta cha pampu, mikono imeshikana.

"Kajibu?" akauliza.

"Kajibu," Mwinyijuma akasema, uso unang'aa. "Nilikwambia."

"Kasemaje?"

"Anakusalimia."

"Na Khadija?"

"Anamsalimia sana. Na goti lako kaliuliza. Na mashangazi, mmoja mmoja."

"Na ruhusa?"

Mwinyijuma akasoma tena mpaka chini. Uweso alikuwa kijana wa Pongwe, kalelewa, anazijua barua za nyumbani na anajua desturi ya Mwinyijuma. Alirudisha salamu zote bila kuacha hata mjukuu wa Muheza, kisha akamalizia: *Ukurasa wa kwanza nimeupata, alhamdulillahi. Ukurasa wa pili sijauona, nadhani uko njiani. Ofisi yetu leo inafungwa adhuhuri, tunafungua Jumamosi. Mkiuleta nitausoma hapo, inshallah.*

Batool akatazama saa ya ukutani. "Muscat wako mbele yetu saa moja. Adhuhuri yao ni dakika ishirini na tano kutoka sasa."

Sabiha aliteremsha mtandio usoni, akabaki hivyo, na Mwinyijuma akajua kwamba kwa miaka kumi na mitano mwanamke huyu hakuwahi kumuuliza barua yake imesema nini. Alikuwa akitaja majina, anakwenda zake, anangoja. Na sasa angekwenda Pongwe kumwambia mwanawe kwamba baba mdogo anamsalimia.

"Mzee," Batool akasema polepole. "Anza na haja."

"Bila salamu?"

"Bila salamu."

Alikaa mbele ya vibonye kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila shuka. Dakika moja nzima vidole havikushuka. Kisha vikashuka, na havikupiga kwa nguvu.

*Uweso. Khadija anaolewa kesho Ijumaa. Walii ni wewe. Shekhe wa Pongwe anataka neno lako la maandishi. Liandike sasa hivi kabla hujafunga. Simu ya hapa tulipo ni hii. Salamu zitafuata.*

Batool akamtajia namba ya dukani, mzee akaichomeka, akatuma. Akatoa leso, akajifuta shingo. Mistari michache, na jasho la barua kumi.

Hazikupita dakika nane simu ikalia mbele. Gulamhussein akaipokea kwa sauti yake ya kuuza spea, kisha sauti ikabadilika.

"Mwinyijuma. Njoo. Yuko mtu wa Muscat, analia."

Mwinyijuma akapita katikati ya matairi, akakamata mkono wa simu. Duka zima lilisikia, maana Uweso alikuwa anapiga kelele za kuvuka bahari bila msaada wa waya.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Uweso."

"Usinifiche. Ni Sabiha?"

"Sabiha huyu hapa, kakaa kwenye pampu."

"Basi ni mama."

"Mamako jana kala samaki mzima. Khadija anaolewa, si nimekuandikia?"

"Nimeona jina langu, na salamu hakuna. Ningesoma nini tena? Nimeangusha miwani, karani kanishika." Pumzi ikamrudia. "Mzee wangu, shikamoo. Barua gani hiyo? Tangu lini weye ukaniandikia kama polisi?"

"Marahaba. Ofisi yako inafungwa, mwanangu. Niandikie neno kwanza, kisha unitukane."

"Si hili hapa nakupa kwa mdomo?"

"Shekhe hataki mdomo."

"Niwekee Sabiha."

Sabiha akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili. Aliitikia tu, eeh, eeh, ndiyo shemeji, na mwishoni akacheka kicheko kifupi kilichochanganyika na kitu kingine, akaurudisha mkono wa simu.

"Kasema anaandika," akasema. "Karani kakubali kungoja kufunga."

Ikaja saa tano na robo. Batool akaichapa kwenye karatasi, na mashine ya kuchapa ikatoa ukurasa, ikatoa wa pili, ikaendelea. Mwinyijuma alizisoma amesimama. Uweso, na karani anamngoja na funguo mkononi, alikuwa ameanza na salamu za Shekhe wa Pongwe na waumini wote, akashuka mpaka kwa watu wa bwana harusi ambao hata hajawaona. Kwenye ukurasa wa pili, mahali pake hasa, ndipo ilipokuwa: *Ama baada ya salamu, mimi Uweso, baba mdogo wa Khadija na walii wake, nimeridhia, na ninampa Shekhe uwakala amwozeshe.*

"Huyu ndiye mtu," Mwinyijuma akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa kwa sababu ya vumbi la matairi.

Ijumaa baada ya alasiri Shekhe aliisoma barua yote msikitini Pongwe. Dereva wa machungwa, kwenye kanzu mpya, alikuwa anakauka kwa kiu ya kufika ukurasa wa pili, lakini wazee waliotajwa kwa majina waliitikia salamu zao mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kuharakisha. Jioni ile Khadija alikula, sahani mbili, wali na mchuzi.

Jumamosi asubuhi, mapema kabla duka halijafunguliwa vizuri, Mwinyijuma alikuwa mlangoni kwa Gulamhussein na karatasi iliyojaa majina pande zote mbili.

"Nipe saa nzima," akamwambia Batool.

"Saa nzima, mzee? Kwani leo haja ni nini?"

"Haja imekwisha," akasema, akivuta kiti na kukunja mikono ya kanzu. "Nadaiwa salamu."