Chupa Iliyovishwa Kilemba

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wenzangu wa rika langu wakianza kusimulia miaka ya hamsini, kila mmoja alikuwa shujaa na hakuna aliyekimbia. Sijui basi ni akina nani waliokuwa wakikanyagana siku lile gari jeupe lilipoingia Iyunga. Mimi nilikimbia, tena na tumbo limefika kidevuni.

Gari lilikuwa la chama cha msaada kutoka ng'ambo, madaktari wa nchi mbalimbali wanaokwenda kokote kwenye maafa. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimevunja madaraja, ugonjwa wa kuhara ukaingia mabondeni, na hospitali ya Mbeya ikajaa mpaka wagonjwa wakalala barazani. Wageni wale wakapiga mahema yao kando ya barabara kuu. Sisi hatukuona madaktari, tuliona mumiani. Ilijulikana wazi kwamba wanamning'iniza mtu kichwa chini, damu yake inachuruzika kwenye ndoo, kisha inapelekwa Ulaya kutengenezewa dawa. Muuza vitambaa wetu, mtu wa asili ya pwani, mwenye kuswali na asiyependa upuuzi, aliapa kwamba binamu yake wa Iringa amezikuta ndoo zenyewe. Lisemwalo lipo, tukasema, na kama halipo laja.

Hiyo ilikuwa hofu mpya. Nilikuwa na nyingine ya zamani, nayo ilikuwa baba mkwe wangu.

Tusielewane vibaya, mzee yule hakunikosea kitu. Lakini sisi Wanyakyusa, siku zile, mke hakuonana na baba wa mumewe. Hukumtazama wala hukusema naye. Jina lake hukulitamka, na mkikaribia kukutana njiani ulijitupa vichakani ukafunika uso. Tulikuwa tumehama Rungwe na kuja kukaa Iyunga, lakini desturi tulihama nayo. Tangu niolewe nilimfahamu mzee kwa kikohozi chake tu, alichokitoa makusudi ili nipate nafasi ya kukimbia. Anayevunja mwiko huo, nilifundishwa, tumbo lake hukauka asizae tena, au huvimba mwili mzima mpaka afe. Niliyaamini hayo kama ninavyoamini kwamba moto unaunguza.

Nilijifungua mchana, nyumbani, mtoto wa kike, akalia vizuri. Kondo ikatoka. Damu ikafuata, na haikukoma. Mama mkwe alinikandamiza tumbo, akabadilisha vitambaa, akabadilisha tena. Mkunga, mwanamke asiyejua kunyamaza, akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Shemeji zangu walinibeba juu ya kitanda cha kamba. Nilipoona tunashika njia ya barabarani nikajua ninapelekwa wapi, nikaanza kulia.

"Msinipeleke kwa wale. Heri nife nyumbani."

"Gwe mwana, nyamaza," mama mkwe akasema, akikimbia pembeni na mtoto mgongoni. "Ukifa, mume wako nitamwambia nini?"

Mume wangu alikuwa utingo wa lori, na lori lake lilikuwa limekwama kwenye matope Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa. Hakujua hata kama mtoto kazaliwa.

Ndani ya hema hakukuwa na ndoo. Kulikuwa na daktari mwanamke, Mzungu, mikono ya shati imekunjwa, na dresa mmoja, msaidizi wake wa kufunga vidonda, Mbena wa upande wa Njombe aliyekuwa akitafsiri. Daktari alinibonyeza tumbo kwa nguvu, akanichoma sindano, damu ikapungua. Kisha akasema maneno ambayo dresa alisita kuyatafsiri.

"Mama, huyu damu imemwisha. Bila damu ya mtu mwingine hafiki jioni. Nani atatoa?"

Shemeji zangu, vijana wa kunyanyua magunia ya kahawa, walirudi nyuma hatua moja moja. Nilisikia turubai la mlangoni likipigapiga, na walipotafutwa hawakuwapo. Mama mkwe akanyoosha mkono wake. Wakamchoma kidole, wakachanganya matone yetu juu ya kioo, daktari akatikisa kichwa. Hazikupatana. Ndugu zangu wa damu walikuwa Rungwe, ng'ambo ya madaraja yaliyovunjika.

Mchana ulikuwa unapungua niliposikia kikohozi nje ya hema.

Nilijaribu kuinuka nijifiche. Mtu anakata roho, naye anatafuta pa kujificha! Daktari akapiga kelele, akanirudisha chini. Mama mkwe akanifunika uso kwa kanga. Dresa akatoka, akarudi.

"Mzee anasema atatoa yeye."

Wakapima, zikapatana. Wakatundika shuka katikati ya hema, wakamlaza upande wa pili. Nilisikia kitanda chake kikilia, nikasikia anavyopumua. Hatukuwahi kuwa karibu namna ile. Nikamshika mama mkwe mkono.

"Sitaki. Mwambie sitaki. Kama kumwona tu kunaua, damu yake mwilini mwangu itanifanya nini?"

Aliogopa kama mimi, nilimwona machoni. Mtoto alikuwa analia kwa njaa mgongoni mwake, na wala hakumsikia.

Chupa ilipojaa, dresa akaanza kuizungusha kuileta upande wangu. Ndipo mzee aliposema, kwa sauti kavu:

"Ngoja. Ifunike."

"Nifunike nini, mzee?"

"Chupa. Hiyo ni mimi. Mkwe wangu asinione."

Dresa hakucheka, na kwa hilo namwombea heri mpaka leo. Akamweleza daktari. Daktari akakataa: lazima aione damu inavyoshuka. Wakabishana, huku mimi vidole vimekuwa baridi. Mwishowe mama mkwe akavua kilemba chake, wakaivisha chupa, wakaacha upenyo mdogo upande wa daktari. Ikatundikwa juu yangu imejitanda kama mama wa kanisani.

Nikaitazama. Kisha nikanyoosha mkono. Nilijiambia kwamba ikiwa yeye, amelazwa kwa watu anaowaogopa, ameweza kukumbuka kuniheshimu, mimi ni nani nimkatalie? Baridi ikapanda mkononi mpaka begani. Nililala nikisubiri kuvimba. Nilijigusa uso, nikajigusa miguu. Sikuvimba. Usiku nikasikia njaa, nikampakata mwanangu, akanyonya.

Nikapona, tukarudi nyumbani, na desturi ikaendelea palepale. Mzee alipita kwake, mimi nikapita kwangu. Lakini hofu ilikaa nami. Kila mwezi niliamini tumbo langu limekwisha kukauka, na mume wangu, ambaye aliporudi alitununulia kilo nzima ya sukari kwa ujasiri wetu, sikumwambia. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea nilipojigundua mjamzito tena.

Nilimwambia mama mkwe tukiwa tunapukuchua mahindi. Alicheka mpaka machozi. Halafu machozi yakaendelea, kicheko kikakoma.

"Siku ile, shemeji zako walikimbilia nyumbani kumwambia mzee wale watu wanataka damu," akasema. "Alikuwa zizini. Palepale akawagawia wanawe hao ng'ombe zake, huyu wako, huyu wako. Akavua koti, akampa mkubwa. Ndiyo akaja."

"Kwa nini awagawie?"

"Gwe, kwani sisi tulijua wanachukua kidogo? Tulijua wanamaliza. Walipomwambia ainuke aende nyumbani, hakuwaamini. Alikaa nje ya hema mpaka kukakucha, anasubiri kufa."

Niliacha mahindi. Mzee alikuwa pale nyuma ya nyumba, namsikia anakata kuni, na kwa desturi yetu sikuweza kwenda kumwambia asante.